Selosia haisahau njaa ya utotoni

Msimu wangu wa kwanza wa selosia niliotesha miche 240, na haikufa hata mmoja. Ingekufa, pengine ningeelewa mapema. Ilichanua yote ikiwa bado kwenye trei, urefu wa kidole, kila mmoja na kishungi chekundu kilichosimama kama ncha ya mshumaa. Nilipoingia kitaluni asubuhi ile na kukuta trei zimewaka rangi, nilifurahi kupita kiasi. Niliamini nimewahi soko. Nikaihamishia kwenye vyungu, nikaipa mbolea, nikamwagilia kwa uangalifu, nikasubiri ikue.

Haikukua. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya nne. Majani mawili matatu yaliongezeka chini ya ua, kishungi kikarefuka kidogo na kuanza kupauka kuanzia chini, na chungu kilibaki kikubwa kuliko mmea. Wateja walikuwa wanainama, wanatazama, wanasema "vizuri hivi," kisha wanaondoka na maua mengine. Mwisho wa msimu niliimwaga karibu yote kwenye lundo la takataka za kitalu, nyuma ya uzio.

Kosa nilikuwa nimelifanya kabla ya rangi kuonekana. Mbegu nilizisia kwa wakati, zikaota vizuri. Lakini vyungu vilichelewa, na udongo wa kuvijaza ulichelewa zaidi. Nikaiacha miche kwenye trei zenye vijishimo vidogo kwa wiki tatu zaidi ya muda wake, nikiamini mche ni kitu kinachoweza kusubiri. Mchana jua likiwa kali vijishimo vilikauka, na mara mbili nilikuta miche imelala chali. Niliimwagilia ikainuka, nikahesabu kwamba imepona.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja aliyekuwa akiotesha maua tangu kabla sijazaliwa. Alipita kunisalimu, akachukua trei moja iliyobaki, akabonyeza kijishimo kwa chini na kuutoa mche mzima mzima. Udongo haukuonekana. Kulikuwa na mizizi tu, imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, rangi ya kahawia.

"Mwanangu, huu umeshazeeka," akasema.

"Mama, una wiki nane tu."

"Usiniambie wiki. Tazama mizizi yake. Umekwama, umekata tamaa, umeamua kuzaa kabla ya kufa."

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo kwa sababu ni sahihi kisayansi kama yalivyo sahihi kwa macho. Selosia ya bustani ni mmea wa msimu mmoja. Kazi yake yote duniani ni kuota, kuchanua, kuacha mbegu na kufa. Ukiwa mchanga ukabanwa mizizi, ukapata kiu, ukapigwa na baridi au ukakosa chakula, unachukulia kwamba muda wake umekaribia kwisha na unakimbilia kutoa ua. Na ua likishatoka kileleni, kilele hicho hakirudi tena kutoa shina na majani. Maua mengi yakisumbuliwa utotoni hupona ukiyapa nafasi, lakini selosia ua lake la kwanza ndilo kimo chake. Ndiyo maana mbolea niliyomwaga kwenye vyungu haikufaa kitu. Nilikuwa namlisha mtu aliyekwisha kuinuka mezani.

Uthibitisho ulikuja msimu uliofuata, na ulitoka pale nilipotupa. Miche niliyoimwaga ilikuwa imekomaza mbegu, na mbegu za selosia haziulizi ruhusa. Joto liliporudi na mvua ikanyesha, lundo lile likaota vijani vyekundu-kijani. Sikuvigusa. Havikuwa na trei wala chungu, vilikuwa na mboji ya kina kirefu na jua la siku nzima. Vilipochanua vilikuwa vimenifika gotini na kupita, shina nene kama kidole gumba, kila mmoja na shungi kuu katikati na mashungi madogo ubavuni. Hawa walikuwa watoto wa vile vibeti vyangu. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Mbegu haikuwa na kosa lolote, na ule udogo wote niliuumba mimi kwa wiki tatu za kuchelewa.

Tangu hapo kila ninachokifanya na mmea huu kimejengwa juu ya jambo moja, kwamba usikwame hata siku moja kabla ya kuchanua.

Kazi inaanzia kwenye mbegu, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotelea. Mbegu ya selosia ni nyeusi, inang'aa, ndogo kiasi kwamba gramu moja ina mbegu 1,000 na zaidi. Ukiikoholea imepotea. Mimi huzimimina kwenye karatasi iliyokunjwa katikati na kuzigonga polepole kwa kidole ziteleze mbili mbili kila kijishimo. Udongo wa trei lazima uwe laini na mwepesi, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Sizifukii. Nazifunika kwa vumbi jepesi kiasi cha kuficha weusi tu, kisha trei naiweka kwenye beseni la maji inywe kutoka chini mpaka uso wake ugeuke rangi. Ukimwagia kutoka juu, mbegu zinakimbilia pembeni na kulundikana.

Joto la udongo linalozifaa ni kama nyuzi 24 za Selsiasi. Hapo huota ndani ya siku 5 hadi 10. Kukiwa na baridi zaidi huchelewa, na zinazochelewa ndizo zinazooza. Ugonjwa unaoitwa kinyausi ndio adui mkubwa wa wiki hizi: mche unasimama vizuri jioni, asubuhi umeangukia upande, shingo yake nyembamba kama uzi uliolowa. Hautibiki. Unazuilika kwa udongo safi, trei zilizooshwa vizuri, hewa inayopita na mkono mwepesi wa maji. Msimu wa pili nilipoteza robo ya trei moja kwa sababu nilizibana kwenye kona isiyo na upepo, kwa nia njema ya kuzikinga na baridi. Joto zilipata, hewa zikakosa.

Jambo jingine nililolijua kwa kuumia ni maji yaliyolala nje usiku. Selosia asili yake ni nchi za joto, na ikipata usiku wa chini ya nyuzi 15 inasimama. Haifi na haionyeshi dalili ya maana, inatulia tu, na kutulia huko ndiko kunakoleta ua la mapema. Nilikuwa natunza joto la kitalu kisha alfajiri nawamwagia watoto wale maji baridi kutoka kwenye pipa la nje. Sasa maji ya miche hulala ndani pamoja nayo.

Mche ukishatoa majani manne hadi sita ya kweli, kwa kawaida wiki ya nne au ya tano, nauhamisha. Naangalia mizizi kama nilivyofundishwa. Ikiwa imefika ukingoni mwa kijishimo na bado ni myeupe, leo ndiyo siku. Ikianza kujizungusha, siku ilikuwa juzi. Naupanda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, sizamishi shina, na sivunjivunji bonge la udongo lililoshika mizizi, kwa sababu mizizi ya selosia ni membamba na haipendi kuchokozwa. Nahamisha jioni, na siku mbili tatu za kwanza vyungu vinakaa kwenye kivuli chepesi kabla ya kurudi juani.

Kwa hiyo vyungu vinajazwa udongo kabla mbegu hazijaguswa maji. Kwangu hiyo ni sheria, na sijaivunja tena.

Kuhusu tarehe: huwa naanza na siku ya kuuza na kuhesabu kurudi nyuma. Aina fupi za chungu kidogo cha upana wa sentimita 10 huchukua kama wiki 10 hadi 13 kutoka mbegu hadi rangi kamili. Nikichukua 12, wiki moja na kidogo ni ya kuota, kama nne za trei, zinazobaki ni za chungu. Sizisii zote siku moja. Nasia mafungu matatu, kila moja siku kumi baada ya jingine, ili kundi moja likikumbwa na wiki ya mawingu yaliyobaki yaniokoe, na pia ili meza isiwe na maua yanayochanua kwa pamoja na kuchakaa kwa pamoja. Kwa aina ndefu na vyungu vikubwa muda unaongezeka, na hapo ni afadhali kuandika daftarini kuliko kuamini kichwa.

Urefu wa mchana nao una sauti. Selosia huharakisha kuchanua mchana ukiwa mfupi, na huendelea kukuza shina na majani mchana ukiwa mrefu, ingawa mwishowe huchanua vyovyote vile. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, hutalihisi jambo hili. Mbali na ikweta ni tofauti kubwa. Mbegu zilizosiwa mapema mno, wakati mchana bado mfupi na usiku wa baridi, hutoa vibeti hata kama umezitunza vizuri, na anayezisia wiki chache baadaye humpita mwenzake kwa kimo na kwa ua. Wanaolenga mauzo ya mwisho wa kiangazi na mwanzo wa majira ya majani kupukutika husia katikati ya siku ndefu, mmea unajenga mwili, na mchana unapoanza kufupika unajibu kwa ua. Nadhani ndiyo sababu selosia za wakati huo huwa nzuri kuliko zote. Zinapata utoto mrefu.

Niseme sasa juu ya sura zake, maana mtu anayezijua kwa sura moja tu hushangaa akiambiwa zote ni ndugu. Jina Celosia linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuungua, na ukiuona mmea juani unaelewa bila maelezo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika mwaka 1753, akiutenga ule wa suke, Celosia argentea, na ule wa upanga wa jogoo, Celosia cristata. Siku hizi wengi huzihesabu sura hizi kuwa za mmea mmoja, jamaa ya mchicha. Ukitazama mche wa selosia na mche wa mchicha pembeni yake utauona ukoo huo hata bila kusoma.

Ya kwanza ni ya shungi, laini, inayosimama kama manyoya au ndimi za moto. Ya pili ni ya upanga wa jogoo, iliyokunjamana kama mahameli iliyofinywa. Ya tatu ni ya suke, nyembamba, rangi zake za waridi na zambarau zikififia kuelekea chini hadi kuwa nyeupe ya fedha.

Ile ya upanga wa jogoo ndiyo iliyonikosesha usingizi kwa udadisi. Kwa kawaida kilele cha mmea hukua kutoka nukta moja. Katika selosia hii nukta hiyo hutanuka ikawa mstari, na mstari ukizidi kurefuka kuliko nafasi iliyopo hulazimika kujikunja. Mikunjo yote ile unayoiona ni kilele kimoja kilichokosa pa kwenda. Katika mimea mingine jambo hili hutokea kwa ajali, mara moja katika shamba zima. Katika selosia limeingia kwenye mbegu na hurithiwa. Na kile tunachokiita ua si ua moja. Maua yenyewe ni madogo mno, yamesongamana kwa mamia, kila moja na vijani vyake vikavu vya rangi vilivyo kama karatasi. Ukavu huo ndio unaofanya rangi idumu kwa wiki nyingi mmea ukiwa hai, na hata baada ya kukatwa.

Rangi zenyewe hazitokani na kitu kile kile kinachotia wekundu waridi au zambarau ya maua mengi. Selosia hutumia betalaini, kundi la rangi linalopatikana pia kwenye bougainvillea. Zipo za upande wa wekundu na zambarau, na zipo za upande wa njano. Zikichanganyika unapata chungwa na rangi ya aprikoti bivu, lile tunda dogo la manyoya. Hakuna mmea uliowahi kukutwa una betalaini kwa pamoja na antosiani, zile rangi za maua mengi zinazotoa pia buluu. Basi mteja akiniuliza selosia ya buluu namjibu kwa moyo mweupe kwamba haipo, na akiuziwa mbegu zenye picha ya buluu ajue picha imepakwa.

Katika kuchagua aina, nilianza kwa kununua mchanganyiko wa rangi zote katika pakiti moja. Sikupenda nilichopata. Zilichanua kwa nyakati tofauti na vimo tofauti, na meza ilionekana kama nguo zilizoanuliwa haraka. Sasa nasia kila rangi peke yake. Kwa mashungi ya chungu nimeegemea sana zile zilizopimwa kwa miaka mingi mbele za watu. Apricot Brandy ilipata tuzo ya All-America Selections mwaka 1981, na Fresh Look Red ikapata medali ya dhahabu ya tuzo hiyo hiyo mwaka 2004. Fresh Look ninaipenda kwa sababu vishungi vya pembeni hupanda na kulifunika shungi kuu linapozeeka, hivyo mtu wa bustani hana haja ya kukata maua yaliyochakaa. Kwa anayetaka majani kuliko ua ipo Dragon's Breath, yenye majani mekundu ya kuiva kwenye jua kali. Nimewahi kuiuza kabla haijachanua kabisa na hakuna aliyelalamika.

Kwenye chungu aina fupi ndizo zinazokaa vizuri. Hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali: upanga wa jogoo uwe peke yake chunguni. Ukiuchanganya na maua mengine unaonekana umepotea njia. Mashungi yanachanganyika vizuri, hasa matatu ya rangi moja katika chungu kimoja kipana, na masuke yanapendeza nyuma ya mimea inayotambaa. Udongo uwe unaopitisha maji, wenye uchachu kidogo, pH ya kama 5.8 hadi 6.2. Maji mengi yanayotuama yanaua mizizi haraka kuliko kiu. Lakini nisirudie kosa la wanaosema selosia inastahimili ukame. Mmea mkubwa ulioshika bustanini, ndiyo, unavumilia. Mche wenye njaa ya maji kwenye chungu kidogo unarudi kwenye hadithi ile ile ya trei zangu.

Mbolea nawapa kidogo kidogo, tangu wiki ya pili baada ya kuhamishwa. Naitrojeni ikizidi unapata kichaka cha majani mororo na ua linalochelewa, shina linavunjika njiani. Kukata kilele ili mmea utawanyike kunawezekana kwa masuke na mashungi, ukikata mapema, ukipata vishungi vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa. Upanga wa jogoo usikatwe kilele hata kidogo. Ndicho hicho unachokiuza.

Na maji yasimwagwe juu ya upanga. Mikunjo ile huyashika kama kikombe, ndani hakuna hewa, na baada ya siku chache utaona doa la kahawia ambalo kwa nje ni dogo kama punje, ukipanua mikunjo unakuta ukungu wa kijivu umekwisha kula hadi kwenye shina. Nilipoteza mapanga kumi na sita makubwa kwa namna hiyo wiki moja kabla ya kuyauza, baada ya kijana aliyenisaidia kumwagilia kwa bomba kutoka juu. Lawama ilikuwa yangu. Sikumwambia.

Wadudu si wengi. Anayenisumbua ni utitiri mwekundu, na huja wakati wa joto kavu. Majani yanapata vidoa vidogo vya njano kama yamenyunyiziwa unga, ukigeuza jani unaona utando mwembamba. Nikiwahi, maji ya nguvu chini ya majani kwa siku kadhaa mfululizo, asubuhi ili yakauke mapema, hutosha. Nikichelewa nautoa mmea uliozidiwa nauweka mbali na wenzake.

Bustanini kazi ni nyepesi zaidi. Jua la moja kwa moja, saa sita au zaidi kwa siku. Udongo uwe umeshapata joto. Aina fupi nafasi ya sentimita 20, ndefu 30 au zaidi, kwa sababu zikisongamana hewa haipiti na madoa ya majani yanaingia. Ndefu za kukata hufika mita moja na mapanga yake ni mazito, hivyo fimbo ya kuegemeza iwekwe mapema kabla mvua haijaulaza mmea. Nimeshaona safu nzima imelala baada ya usiku mmoja wa upepo, na shina lililolala likiamka kilele hujipinda kuelekea juu. Ua linakuwa na shingo ya bata.

Kuuza kumenifundisha mambo ambayo kitalu hakiwezi. Zamani nilisubiri ua lifikie ukubwa wake wote ndipo nipeleke mezani, nikidhani mteja anataka kilicho kamili. Kumbe nilikuwa namuuzia mtu mwisho wa safari. Sasa zinatoka kitaluni rangi ikishaonekana wazi lakini ua bado linajaza, na mteja analiona likikua mikononi mwake kwa wiki kadhaa. Kabla hazijatoka, nachomoa chungu kimoja katika kila kundi na kutazama mizizi. Nikikuta imejizungusha sana, kundi hilo naliuza kwa kueleza ukweli kwamba ni maua ya meza, yafurahiwe sasa, hayatakua tena.

Alirudi mama mmoja na chungu cha upanga wa jogoo, majani yamenyong'onyea, akaniambia kwa upole kwamba amefanya kila kitu. Nilimuuliza ameuweka wapi. Ndani, pembeni mwa kabati, mbali na dirisha, ili jua lisiuchome. Sikuwa nimemwambia lolote siku ya kuununua. Nilikuwa nimempa chungu, nikapokea fedha, nikasema karibu tena. Nilimpa mwingine na kumweleza: nje kwenye jua, au dirishani penye mwanga mkali kabisa, maji kwenye udongo, si kwenye ua, na usishangae msimu ukiisha unakufa, ndivyo ulivyoumbwa. Hilo la mwisho alilishukuru kuliko yote. Alisema maua mengi yamemfia na kila mara alijiona ana mkono mbaya. Tangu siku hiyo kila chungu kinaondoka na kikaratasi chenye mistari hiyo mitatu, na ule wa kufa nauandika wa kwanza.

Mpangilio wa meza nao una uzito. Mashungi mekundu yakiwa pamoja, trei nzima, mtu anayaona kutoka mbali na anakuja. Mekundu yakichanganywa na njano na waridi kila moja linamfuta mwenzake. Nikiweka rangi kwa mafungu, wekundu pembeni, chungwa katikati, njano mwisho, watu huchukua vyungu vitatu badala ya kimoja kwa sababu wanauona mfuatano na wanataka kwenda nao nyumbani.

Zinazobaki msimu ukiisha sizimwagi tena. Nakata mashina ua likiwa limejaa lakini mbegu hazijaanza kudondoka, nayavua majani yote, nafunga mashina matano matano, nayaning'iniza kichwa chini mahali pakavu, pa giza, penye hewa. Wiki mbili hadi tatu yamekauka. Giza ni la lazima. Yaliyokaushwa kwenye mwanga yanapauka. Rangi iliyofungiwa vizuri hukaa miezi mingi, na meza yangu haibaki tupu katikati ya misimu.

Mbegu nazipata chini ya mashina hayo hayo. Naweka karatasi nyeupe sakafuni, na kila asubuhi naikuta imetapakaa nukta nyeusi zinazong'aa. Zinazotoka kwenye rangi zilizopandwa karibu karibu huwa zimechanganyika, nyuki hawana mipaka, kwa hiyo hizo sizitumii kwa vyungu vya kuuza. Za kuuza nanunua. Zangu nazipeleka nyuma ya uzio, pale kwenye lundo, nazitupa kwa mkono bila mpango. Sijawahi kupandikiza hata mche mmoja kutoka pale. Mwaka huu zimetoka chungwa nyingi, na moja ya zambarau yenye upanga uliopasuka pande mbili, kimo kinanifika kiunoni. Nimeifunga kitambaa ili niitambue ikikauka.

Leo asubuhi nimebonyeza vijishimo vinne kwenye trei za fungu la pili. Mizizi imefika ukingoni, bado myeupe. Vyungu vimejazwa tangu wiki iliyopita. Jua likipungua jioni naanza kuhamisha.